Kambare aliyemuumbua dada yangu

Leo dada yangu Mwanaidi ameumbuliwa na kambare.

Nilikwenda Mabibo kumsalimu. Mie nilihama zamani, yeye alibaki karibu na kijito.

Akaja binti wa tathmini ya barabara, daftari mkononi.

"Shikamooni. Kijitoni kuna samaki? Wakiwepo, tutaomba lijengwe daraja. Wasipokuwepo, litawekwa bomba jingine la kupitisha maji chini ya barabara."

"Marahaba. Hakuna," akajibu dada, haraka mno.

Jibu hilo nalijua. Wakati wa Mwingereza, bwana wa barabara aliuliza hivyohivyo, na wazee wetu wakasema hakuna. Waliogopa kukatazwa kutega migono, ile mitego yao ya fito.

Basi likawekwa bomba, mdomo wake ukining'inia juu ya maji. Masika yalipofika, kambare waliokuwa wakipanda kwenda kuzaa walijirusha na kuanguka palepale. Nilikuwa mtoto, nikiwatazama. Upande wa juu wa kijito, kulipita bomba, hawakuonekana tena.

Nikiwa katika mawazo hayo, ndoo iliyokuwa chini ya benchi ikapiga kishindo. Maji yakamrukia binti viatuni.

"Bibi, na kambare huyu?"

"Nimemnunua sokoni."

"Akiwa hai?"

Dada akanigeukia nimsaidie. Nikamwambia, "Mwanaidi, unalikumbuka lile bomba?"

Akamgeukia binti.

"Haya mjukuu wangu, andika wapo. Ila mgono wangu usiuandike."

Nyie mliokulia kando ya vijito, mngejibuje?

Binti aliandika, akaaga. Ushahidi tuliula mchana, kwa nazi.