Kitambaa cha Kidevu

Binti yangu alianza kuota ndevu akiwa na miaka kumi na saba. Haikuwa nywele mbili tatu, ilikuwa kidevu kizima. Kila asubuhi ananyoa na wembe, anajifunga kitambaa mpaka mdomoni, njo anaenda kuchota maji. Damu ya mwezi nayo ilikuwa inapotea miezi mitatu, mine.

"Mama, unipeleke hospitali."

"Tuanze na Mungu kwanza," nikamujibu.

Mi njo nilikuwa kiongozi wa bamama ba maombi hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Tulifunga siku tatu, na Jumapili nikamuita mbele ya kanisa. Akanishika mkono: "Mama, si mbele ya bantu." Kitambaa nikakifungua mi mwenyewe, ili bantu bajue kitu banaombea. Bamama bakamuwekea mikono, bakafukuza pepo wa kiume. Nyuma bavijana banacheka. Kesho yake kwenye bomba bakamuita: "Bonjour, papa! Madame na batoto biko salama?"

Wiki ile akahamia Lilongwe, mtaa wa Area 23, kusuka bantu nywele.

Vita ilinikatiza shule, kwa hiyo ninasomaka masomo ya jioni. Mwaka uliofuata mwalimu akafundisha homoni. Akasema kila mwanamke iko na homoni kidogo ya kiume. Ikizidi, nywele laini za kidevu zinakuwa nzito na nyeusi, na damu ya mwezi inaweza kupotea. Hospitali banapima, banatoa dawa. Nikaandika yote, kisha machozi ikaharibu ukurasa.

Nikapanda minibus mpaka Area 23. Nilimukuta anasuka mteja. Nikapiga magoti palepale.

"Mama, simama, unatisha mteja."

"Unisamehe, mwanangu. Haikuwa pepo. Ni homoni."

"Najua. Nesi aliniambia zamani, niko kwenye vidonge." Vidole havikusimama. "Kule ulinifungua mbele ya kanisa lote. Huku unaomba musamaha mbele ya mteja mumoja."

Jumapili nikasimama kanisani. Nikasema pepo haikuwepo, mutoto alikuwa mugonjwa, mi njo nilimukosea. Pasta akaniambia nikae. Nikaendelea kusema. Uongozi wa bamama bakaninyang'anya wiki ileile. Mama mumoja alinirekodi na simu yangu, nikamutumia binti ile rekodi.

Aliifungua. Alama mbili za bluu nimeziona kwenye simu. Ni miezi mine sasa, hajajibu. Ninamuombea kila siku, peke yangu, na jina lake silitaji tena mbele ya mutu.