Kipande cha Limau Mfukoni mwa Rhimou

Tarehe 14 Machi 2022 Rhimou Afailal, mjane wa mji wa Martil, aliacha kumenya kamba wa baharini kiwandani, akaingia katika karakana inayogeuza maganda ya kamba hao kuwa karatasi angavu za kufungia jibini badala ya nailoni.

Kiwanda alikiacha, harufu haikumwacha. Miaka yote ile, wanawake waliokaa karibu naye kwenye basi la Tetouan walivuta shungi puani, naye akajifunza walichojifunza wamenyaji wote: kusugua vidole kwa limau. Karakanani hakushika tena kamba. Alibandua tu karatasi zilizokauka kwenye trei, kwa mikono mitupu. Hata hivyo kila asubuhi alijifungia chooni na kipande chake.

Alhamisi iliyopita muuza jibini alirudisha mzigo mzima: karatasi zimetoboka, zinanata. Naoufal, fundi mkuu, aliwaita wabanduaji wake wawili, Rhimou na Soltana, akadondosha tone la limau juu ya karatasi isiyotoboka. Ikalainika kama ute wa yai.

"Maji haiyaogopi. Inaogopa ukali. Nani anashika limau humu?"

Akamtazama Soltana, ambaye mkate wake wa mchana haukosi limau la chumvi.

"Limau nalila kwa mkate, bwana, silili kwa trei!" Soltana akacheka, akamgeukia Rhimou, aliyemwita Lalla kwa heshima. "Na mikono naosha. Muulize Lalla Rhimou, tunakula pamoja. Mwambie, dada'angu."

Kipande kilikuwa mfukoni mwa aproni ya Rhimou, kimelowesha nguo mpaka pajani.

"Mimi sijui," akasema.

"Hujui?" Kicheko kilimkauka Soltana. "Haya."

"Kusanya vitu vyako," Naoufal akamwambia.

Soltana akavua aproni. Alipopita, Rhimou alinusa sabuni tu. Limau lililojaa chumbani lilikuwa lake mwenyewe. Akatamani ardhi ipasuke. Akakitoa kipande, akakiweka juu ya trei.

"Ni mimi. Naona haya kunuka kamba."

"Lakini mama, tangu uje hapa hujashika kamba hata mmoja!"

"Najua."

Soltana alikuwa ameshika kitasa. "Ungeniacha nitoke, Lalla?"

Rhimou aliiokota aproni ya Soltana, akamrudishia. Macho yake hayakutoka sakafuni.

Jumatatu Soltana atarudi kwenye trei. Rhimou atahamishiwa uani, kuosha maganda mabichi.