Mgeni Alisikia Kwanza

Otilia Barragán alikuwa na mdomo mkali na mkono wa kutoa, na sisi watu wa Toppenish, mji mdogo wa mashamba ya matufaha na wahamiaji, tulimpenda kwa vyote viwili. Siku za kazi alisimama kwenye ghala la matufaha, akichagua mazuri na kutenga yaliyopondeka. Jumamosi, badala ya kupumzisha miguu, aliingia jikoni kwenye ukumbi wa kanisa kuzipikia familia za vibarua wa mashambani. Ghalani nilikuwa naye, na jikoni nilikuwa naye. Mimi ndiye niliyemshika binti yake Nereida siku ya ubatizo, kwa hiyo tuliitana comadre, na nilidhani hakuna jambo lake nisilolijua.

Kila muhula chuo kikuu kilituletea wanafunzi. Kuwatumikia watu kulikuwa sehemu ya masomo yao. Walikuja na mikono laini na nia njema, wengine na Kihispania cha darasani, wengine bila hata hicho. Otilia aliwapokea wote kwa namna moja: alimpa kila mtu kisu na kikapu cha majani ya mpungate, aondoe miiba.

"Unalisafisha hilo jani au unaliomba radhi?" alimuuliza msichana mmoja siku yake ya kwanza.

"Yote mawili, doña Otilia," msichana akajibu, huku ananyonya kidole kilichochomwa.

Otilia alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo Corinne, ndilo jina lake, akawa mtu wake.

Na Corinne alifundishika. Mwanzoni aliingia jikoni na kuuliza moja kwa moja afanye nini. Baadaye akajua kwamba kwetu unamsalimia kila mtu kwanza, hata aliyekununia. Aliacha kumjazia mzee sahani bila kumuuliza. Aligundua kwamba baba akisema ameshiba mbele ya wanawe, huenda anawaachia wao, na kwamba hupaswi kumbishia pale pale. Unamfungia chakula, unamwambia ni cha kesho. Mambo hayo hakuna aliyekaa akamweleza. Aliyaona kwa Otilia.

Mwisho wa muhula ulipokaribia, mwalimu wao aliwapa kazi ya kusikiliza maisha ya mtu mmoja na kuyasimulia mbele ya hadhara. Corinne akamchagua Otilia. Walizungumza hapo hapo jikoni, mikono ikiwa kazini. Otilia alimsimulia kijiji alichozaliwa, akamsimulia marehemu mumewe Fidencio, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia baada ya kuugua kwa muda mrefu. Ndipo yule binti akauliza, kwa Kihispania chake cha kujikwaa, "Na watoto? Nereida peke yake?"

Mimi nilikuwa naosha masufuria, nimewapa mgongo.

"Wawili," Otilia akasema.

Alikuwapo Amadeo, mtoto wa mwaka na kitu. Walipokuwa safarini kuja kaskazini homa iliwakamata wote wawili, mama na mtoto, huko Caborca, kabla hawajavuka mpaka, na mama mmoja wa hapo akawapa chumba. Otilia alipopata fahamu, mtoto alikuwa ameshazikwa. Fidencio na mume wa mama huyo ndio waliompeleka makaburini. Hakuweza kutembea hata kwenda kuliona kaburi. Alipopata nguvu kidogo walipandishwa gari, wakaendelea na safari. Wakakubaliana yeye na mumewe kwamba habari hiyo wasiitaje, na hawakuitaja hata kwa Nereida, aliyezaliwa huku kwetu, bonde la Yakima, baadaye.

Mikono yangu ilibaki majini mpaka maji yakapoa. Corinne alikuwa analia. Akauliza kama ana ruhusa ya kusimulia hata hilo.

"Simulia," Otilia akamwambia. "Ni kweli tupu."

Tukirudi nyumbani nilimuuliza kama Nereida anajua. Akanijibu kwamba atamwambia wiki hiyo hiyo. Wiki ikazaa wiki. Mara Nereida amechoka na kazi ya kliniki ya meno, mara mvua, mara leo si siku nzuri. Nilimkumbusha, akasema nisimsukume.

Siku ya wanafunzi ikafika. Nereida alikuja kutusaidia kubeba tamales, vile vyakula vyetu vya unga wa mahindi vinavyofungwa kwa maganda, mpaka ukumbi wa chuo, akasimama nyuma na sinia mikononi. Corinne alisimulia kwa Kiingereza, na alisimulia vizuri. Otilia alikaa mstari wa mbele amevaa gauni lake la kanisani. Kiingereza chake ni cha dukani, kwa hiyo alitabasamu kila aliposikia jina lake. Aliposikia "Amadeo" ndipo alipojua simulizi limefika wapi. Akageuka kumtafuta binti yake kwa macho.

Nereida aliliweka sinia juu ya kiti, taratibu, akatoka.

Tulimkuta ameegemea gari. Alituangalia sote wawili, akaona usoni kwangu kwamba hata mimi nilijua.

"Kumbe nilikuwa na kaka," alisema.

"Nilitaka kukuambia, mwanangu."

"Ukamwambia yule. Umemjua muhula mmoja."

Otilia akasema ni rahisi kumwambia mgeni, mgeni huondoka. Nereida akauliza ni nani ajuaye mtoto alizikwa sehemu gani.

"Baba yako."

"Baba yangu," akarudia. "Miezi yote ile ya ugonjwa nilikaa naye, mama. Hatukuwa na la kuzungumza. Tulitazama mpira. Ningemuuliza, angeniambia."

Wakati huo Corinne akatoka ukumbini, uso umechangamka, anatafuta wa kumpongeza. Alipoona nyuso zetu akasimama alipo.

Jumamosi iliyofuata alikuja jikoni bila wenzake. Alisema aliomba ruhusa kwa aliyesimulia, lakini hakufikiri kwamba habari ya nyumba ina wenyewe wengi. Otilia hakumlaumu. Alimwambia kosa halikuwa lake. Yeye aliuliza tu, swali ambalo watu wa karibu hatukuwahi kuuliza. Maneno hayo yalinichoma mimi zaidi kuliko yule binti. Miaka ilipopita Corinne alipita kutusalimia, sasa ni mwalimu, akatuambia kwamba wanafunzi wake hawaruhusiwi kusimulia habari ya mtu kabla ya kumuuliza ni nani nyumbani kwake hajaisikia. Otilia alimsifu, akampa chakula cha njiani.

Ila lililovunjika lilikuwa limeshavunjika. Otilia hana hati za kuishi huku; akivuka mpaka kwenda, hatarudi. Nereida anazo, na msimu wa kuchanua maua ya matufaha baada ya siku ile ya wanafunzi akaenda Caborca peke yake. Mama aliyewapa chumba alikuwa ameshafariki, na mumewe pia. Makaburi yalikuwa yamepanuliwa, misalaba ya mbao ya zamani imeoza na kuondolewa. Mlinzi alimwonyesha eneo la watoto wa wasafiri, ardhi tambarare isiyo na jina hata moja.

Alimpigia mama yake simu akiwa pale pale. Otilia alikuwa kwangu, tunakunywa kahawa. Nilimsikia Nereida akiuliza, ni upande wa ukutani au upande wa barabarani? Kulikuwa na mti? Chochote, mama.

"Sijui, mwanangu," Otilia akasema. "Mimi sikufika."

Nereida aliweka maua mahali fulani katikati, akarudi.

Hawajagombana. Kila Jumapili Nereida huja na dawa za presha za mama yake, hukagua jokofu, humbusu. Ila haulizi kitu tena. Sasa Otilia ndiye anayesimulia bila kuulizwa: jinsi Amadeo alivyokuwa akicheka, wimbo alioupenda Fidencio, nyumba ya Caborca ilikuwa na milango ya rangi gani. Nereida humsikiliza kwa adabu, amesimama, funguo za gari mkononi.