Kibali cha Saa Tisa Usiku

Saa kumi na mbili kamili jioni, jua likiwa bado limekaa vizuri juu ya vichaka vya Mkiwa, Chediel alitoa mguu kwenye mafuta, akawasha indiketa ya kushoto kwa faida ya mbuzi wawili waliokuwa nyuma yake, akaegesha Landrova mbele ya mgahawa wa Gaspari. Akazima injini. Akavuta breki ya mkono, akaijaribu, akaivuta tena.

Damari, mkewe, alikaa kando yake. Aliitazama njia panda. Barabara moja ilikwenda Manyoni. Nyingine ilikata kwenda Itigi, nyumbani kwao, mwendo wa saa moja na ushee kama mvua haijaiharibu. Walikuwa wanatoka Kiomboi, kwa mama yake Chediel, walikokula Krismasi na mwaka mpya wa tisini na tano. Ilikuwa likizo ya kwanza katika maisha ya Chediel, na hakuizoea mpaka ilipokwisha.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa binti yao Eliana, mwenye miaka kumi na minane, akiwa na kuku wa bibi yake mapajani na barua ndani ya daftari. Barua ilisema aripoti chuo cha ualimu, Tabora, kabla ya saa kumi jioni siku ya Jumatatu, na asiyeripoti nafasi yake atapewa mwingine. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Treni ya Tabora ilitegemewa Itigi Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, na baada ya hiyo hapakuwa na nyingine mpaka Jumatano. Sanduku la Eliana lilikuwa limekwisha kufungwa, liko sebuleni Itigi. Walitakiwa wawe wamefika saa tisa alasiri. Lakini mama mkwe hakukubali waondoke bila kula, halafu hakukubali waondoke bila kuku, na walipopita Ikungi gari likapata pancha, na baada ya pancha likapata pancha.

Ili mtu aelewe kwa nini gari zima, lenye mafuta, lilisimama mchana kweupe saa moja tu kabla ya kufika nyumbani, ni lazima aelezwe Chediel ni nani.

Kwa miaka ishirini alikuwa dereva wa shirika moja la umma lililonunua asali na nta kule Itigi na Manyoni. Magari ya umma yalikuwa na kanuni: hakuna kutembea kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa kwa kibali cha maandishi. Madereva wengine waliichukulia kanuni hiyo kama utabiri wa hali ya hewa, kitu kizuri kukisikia asubuhi na kukisahau mchana. Chediel aliisoma mara moja, akaielewa, na jambo hilo likawa limekwisha.

Mwaka sabini na nne alikuwa anampeleka meneja wake Dodoma, kwenye harusi ya mtu mkubwa. Saa kumi na mbili iliwakuta Kintinku. Chediel akaegesha. Meneja alidhani ni haja ndogo. Alipoelezwa alicheka, halafu akafoka, halafu akabembeleza, na mwishoni akasema yeye ndiye mwenye mamlaka ya kutoa kibali. Chediel akamwomba akiandike. Meneja hakuwa na mhuri. Usiku ule meneja alilala ndani ya gari na suti yake mpya, akiliwa na mbu, na dereva alipewa kitanda cha kamba katika nyumba ya mzee Mazengo, ambaye hakuwahi kuona mtumishi wa serikali akimtii mtu asiyekuwepo. Asubuhi aliyemletea dereva uji alikuwa binti wa mzee huyo, Damari. Chediel alipata barua mbili kutokana na safari ile: ya karipio kutoka kwa meneja, na ya pongezi kutoka makao makuu. Alizihifadhi katika faili moja. Mwaka uliofuata alirudi Kintinku kwa treni, kwa nauli yake, kuposa.

Kwa hiyo Damari alikuwa mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kuilaumu saa kumi na mbili. Ilimpatia mume.

Kisha nyakati zikageuka. Nchi nzima ikaambiwa ruhusa. Ruhusa kuuza mitumba, ruhusa kufungua duka, ruhusa kuagiza gari Dubai na asali kuuziwa yeyote mwenye ndoo. Shirika likafa taratibu. Kila mfanyakazi alipata kitu cha kulikumbukia: huyu taipureta, yule matairi, mhasibu friji. Chediel alirudisha jeki na spana alizokuwa akizilaza nyumbani zisiibwe, akadai stakabadhi.

Siku ya mnada wa magari alisimama mbele ya Landrova aliyoiendesha miaka kumi na miwili, akawasomea wanunuzi kutoka kwenye karatasi magonjwa yake yote, ishirini na matatu, kuanzia giaboksi. Aliona si haki yeye kujua na wao wasijue. Wanunuzi walimsikiliza kwa makini, kisha wakahamia kwenye gari lingine. Hivyo Landrova ikaangukia bei ya baiskeli chache, na Chediel akashikwa na fadhaa, kwa maana sasa ilionekana kama alikuwa amepanga. Akakataa katakata kuinunua. Aliyenyoosha mkono alikuwa Damari, kwa hela zake za mafuta ya alizeti. Kadi ya gari ikaandikwa jina lake. Chediel aliiweka kwenye kisanduku cha dashibodi, na katika miaka miwili hakuna aliyeitazama tena.

Tangu hapo alikodiwa na kila mtu. Mapadri walimtaka, wafanyabiashara walimtaka, wagonjwa walimtaka, kwa sababu mzigo uliowekwa ndani ya gari la Chediel ulifika kama ulivyoondoka, na aliyeahidiwa saa nne hakuwahi kuona saa nne na dakika tano. Walijua tu kwamba lazima waanze mapema. Gari lilikuwa la binafsi, shirika lilikuwa kaburini, meneja alikuwa anauza bia Singida mjini, na bado kila jioni saa kumi na mbili Landrova ilizimwa. Waraka wa ruhusa, pengine, ulikuwa haujamfikia.

Gaspari aliwapokea vizuri. Alikuwa na vyumba vinne nyuma ya mgahawa, na ulimi ambao haukuhitaji mteja kuanza. Eliana alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na papo hapo akamuuliza Chediel kama gari limekufa. Alipojibiwa kwamba gari ni zima ila muda umefika, alilizunguka akilitazama, kisha akalitazama jua.

"Mzee, hapa Mkiwa saa hizi ndiyo mabasi yanaamka," alisema. "Wewe ndiyo unalala, pamoja na kuku wako."

Chediel alikubali kwamba kuku pia angehitaji mahali.

Walikula ugali wa mtama na mlenda. Damari alikula ugali wake, kwa hesabu kwamba mumewe angelala kidogo na kuwaamsha usiku wa manane. Alikuwa amemtetea kwa majirani miaka ishirini, na hakuona sababu ya kuanza ugomvi kwenye sahani ya watu. Chediel alinawa mikono, akajifuta, akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Kesho saa kumi na mbili kamili tuwe ndani ya gari."

Eliana aliweka tonge chini.

Damari alimweleza mumewe habari za treni, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni wa nchi. Saa kumi na mbili kutoka Mkiwa ni saa moja na robo Itigi. Treni itakuwa imepita. Mtoto amesoma miaka kumi na mmoja kwa taa ya kibatari, na kuna mtu mwingine huko Tabora anaingoja nafasi yake.

"Najua, Mama Eliana," Chediel alisema. Hakumtazama. "Tangu pancha ya pili najua. Nimejaribu kukimbiza, mmeona." Walikuwa wameona. Alifika hamsini na tano. "Lakini sina kibali."

Gaspari, aliyekuwa anafuta meza ambayo ilikuwa safi, alishindwa kujizuia. "Kibali cha nini, mzee? Gari si lako mwenyewe?"

"Si langu," Chediel alisema.

Alilisema bila kutafuta kitu, kama alivyosema habari ya giaboksi siku ya mnada. Damari aligeuza shingo akamtazama. Kisha akamtuma Eliana kwenye gari, kisanduku cha dashibodi, alete kadi. Aliisogeza karibu na taa ya chemli, akaisoma herufi kwa herufi.

"Mwenye gari ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe. Damari Mazengo."

"Na wewe ni nani?"

"Dereva."

"Basi, dereva, una ombi lolote?"

Chediel alifikiri. Ilionekana kabisa kwamba anafikiri, kwamba anaipitia kanuni aya kwa aya akitafuta penye kasoro, na hapati. Halafu akasukuma kiti, akasimama. Alisimama wima mbele ya mkewe, mikono ubavuni, na Gaspari akaacha kufuta meza.

"Ninaomba kibali cha kutembea usiku," alisema. "Mkiwa hadi Itigi."

"Sababu ya safari?"

"Kumpeleka mwalimu kituoni."

Eliana hakuwa mwalimu bado. Alikuwa na barua tu, na kuku. Lakini hakuna aliyekuwa amewahi kumwita hivyo, na akainama akajishughulisha na miguu ya kuku, iliyokuwa imefungwa vizuri tu.

Damari alichana karatasi kwenye daftari la binti yake, akaandika, akasaini. Chediel akaisoma mara mbili, akairudisha. Namba ya gari ilikuwa imesahaulika. Ikaandikwa. Akairudisha tena: kibali lazima kiwe na mwisho. Damari alipendekeza "mpaka dereva atakapofika," na Chediel akasema, kwa heshima zote, kwamba hiyo si saa. Ikaandikwa saa kumi na mbili asubuhi.

Gaspari akaleta funguo za gari zilizokuwa mezani, akidhani sasa wanaondoka. Chediel akamweleza kwamba dereva aliyeshika usukani tangu asubuhi haruhusiwi kutembea usiku kabla hajalala saa sita. Nayo ni kanuni. Damari hakupinga. Kwa hili alimwona ana akili kuliko mabasi yote ya Mkiwa. Alichukua karatasi kwa mara ya tatu, akaongeza: kuanzia saa tisa usiku. Kisha wakalala katika chumba kimoja, mama na binti kitandani, dereva sakafuni, na kuku chini ya ndoo.

Saa tisa usiku Landrova iliwaka kwa jaribio la kwanza, jambo ambalo orodha ya magonjwa yake isingeliahidi. Damari alikaa mbele. Hakuwahi, katika miaka ishirini ya ndoa, kumwona mumewe akiendesha gizani, na alikuwa amejiandaa kuogopa. Hakuogopa. Chediel alilishusha gari kwenye kila korongo taratibu, kama mtu anayeshusha mtungi, akapunguza taa kwa fisi mmoja aliyekuwa anavuka, na kuhesabu kwa sauti ndogo madaraja yaliyobaki. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati, juu ya moyo. Mara mbili aliigusa.

Saa kumi na nusu sanduku lilikuwa juu ya gari. Saa kumi na moja walikuwa kituoni. Treni iliingia saa kumi na mbili na robo. Ilichelewa, lakini haikuchelewa vya kutosha kumwokoa mtu aliyelala Mkiwa. Chediel alipandisha sanduku mwenyewe, akajaribu kufuli, akaijaribu tena. Alimwambia binti yake asome kila anachoambiwa asaini. Hakuwa na wosia mwingine, na Eliana, ambaye sasa ana wanafunzi wanaomwogopa kidogo, anasema umemtosha.

Treni ilipokwenda, Chediel alimrudishia mwenye gari kibali chake, akaeleza kwamba muda wake ulikuwa umekwisha nusu saa iliyopita wakiwa wameegesha, kwa hiyo hakuna kosa. Damari akamwambia kikae na kadi.

Kilikaa. Landrova ilipouzwa miaka sita baadaye, baada ya mnunuzi kusomewa magonjwa arobaini, ndani ya kisanduku kile kulikutwa vibali kumi na saba, vyote kwa mwandiko wa Damari: mgonjwa wa Rungwa, maiti ya kupeleka Kintinku, padri aliyechelewa. Kulikuwa pia na ombi moja tu lililokataliwa, kwa mwandiko wa dereva mwenyewe. Dereva alikuwa ameomba kutembea usiku kwenda Singida kutafuta spea, siku ya tatu akiwa na homa, na sababu ameieleza vizuri, kwa aya mbili. Chini yake mwenye gari ameandika: Hapana. Lala.

Akalala.