Sabuni ya Mlango wa Maktaba

Kwenye sinki la hospitali pana kipande cha sabuni ya mche, ile ya bluu. Harufu yake naijua.

Maktaba yetu ya Mtoni aliijenga tajiri mmoja muuza mabati, akainunulia vitabu mpaka anakufa. Kila Jumamosi alisimama mwenyewe mlangoni na jagi la maji na sabuni. Hakuna mtoto aliyegusa kitabu kabla mzee hajamnusa viganja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Lete mikono." Akanusa. "Bado unanuka samaki. Nawa tena."

Mama alikuwa anakaanga samaki barabarani, na mie ndiye niliyekuwa nawapara. Wenzangu walicheka. Mzee hakucheka. Alinimwagia maji taratibu, akanusa tena, akasema, "Haya, ingia."

Sasa hivi nesi amemfunika mama shuka hadi usoni. Hadi juzi alikuwa bado anakaanga. Tangu asubuhi nilikuwa nimeushika mkono wake, bado unanuka samaki.

"Pole, kaka," nesi kaniambia. "Nenda kanawe, uwasubiri ndugu zako."

Nimenawa. Nimenusa viganja.

Vinanuka sabuni tu.