Suruali Iliyopunguzwa Mara Tano

Kwa miaka arobaini na moja fundi mmoja wa nguo alikata uzi kwa meno. Mkasi ulikuwapo mezani, mkali, lakini mkasi unataka mkono, na mikono yake yote miwili ilikuwa kazini. Kichwa kiliinama kidogo, meno ya mbele yakabana, uzi ukakatika. Alipofika miaka sitini meno hayo yalikuwa na mfereji. Alipofika sitini na tano hayakuwapo, na mengine yalikuwa njiani kuyafuata. Mwishowe bintiye akampeleka akatengenezewa meno ya bandia, ya juu na ya chini.

Wateja walimwita Mzee Pini, kwa vile alizoea kubana pini midomoni akimpima mtu. Bintiye alijifunza ufundi kwake. Walishona pamoja katika duka moja, cherehani ya baba dirishani, ya binti karibu na mlango wa nyuma, na nyuma ya mlango huo kulikuwa na vyumba viwili na jiko.

Mwaka wa tatu meno ya bandia yakaanza kucheza. Ufizi wa mzee hunywea, lakini meno ya bandia hayanywei. Yalisugua hadi kikatoka kidonda upande wa kushoto. Hakusema. Angesemaje, wakati binti aliyasifu mbele ya kila mteja? "Mtazameni baba, kawa kijana!"

Basi akaanza kuacha vyakula, kimoja kimoja. Nyama kwanza, kisha karanga, mahindi na matunda magumu. Maharage yakafuata, maana maganda yake yaliingia chini ya meno na kuchoma. Akabaki na chai na mkate wa kuchovya. Nyama aliyopakuliwa aliificha shavuni, akaenda kuitema uani. Paka wa jirani alinenepa.

"Baba, mbona umeacha?"

"Nimeshiba, mama."

Miezi ya kwanza njaa ilimsumbua. Baadaye ikaacha, kama mgeni aliyebisha hodi hadi akachoka. Kadiri alivyokonda ndivyo ufizi ulivyozidi kunywea, na kadiri ufizi ulivyonywea ndivyo alivyozidi kushindwa kula.

Mtu mwingine angeumbuliwa na suruali. Suruali ingemlegea, watu wangeona, wangeuliza. Lakini huyu alikuwa fundi. Binti alipotoka kununua vifungo, baba aliivua suruali, akafumua mshono wa nyuma, akaipunguza kiuno, akaipiga pasi na kuivaa. Mashati aliyabana ubavuni. Wapita njia walisema, "Mzee Pini hazeeki! Ona nguo ilivyomkaa." Binti naye aliamini nguo. Ndiyo kazi yake, kuamini nguo.

Na kila mwezi alikwenda kliniki ya presha. Walimfunga mkono, wakasoma namba, wakaandika, wakaita mwingine. Miaka miwili! Hakuna hata mmoja aliyemwambia apanue mdomo, kana kwamba mdomo wa mzee ni wa mwili mwingine. Sisi tunaowasalimu wazee kila asubuhi kwa adabu zote, nasi hatuwaulizi wanatafuna nini.

Siku moja binti alikuwa akipiga pasi. Akaigeuza suruali ya baba ndani nje, akaona matundu ya sindano yamejipanga mstari baada ya mstari. Akaisoma kama barua.

"Baba, hii nani kaipunguza?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Tuko wawili tu humu. Kama si wewe, hesabu mwenyewe."

Hakucheka. "Mara tano, baba. Mifuko ya nyuma inakaribia kupeana mikono."

"Ndiyo mitindo ya sasa."

"Panua mdomo."

"Nikupanulie wewe? Mimi niliyekulisha uji?"

"Leo zamu yangu. Panua."

Akapanua. Meno ya chini yakainuka pamoja na ulimi. Chini yake kulikuwa kwekundu, na kidonda kilikuwa na ukingo mweupe. Binti akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliyasifu sana."

Daktari wa meno waliyemwendea alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnadani. Alimpima uzito kwanza: kilo kumi na moja zilikuwa zimekwenda. Kisha akayageuza yale meno kiganjani.

"Mzee, wewe si fundi? Koti likipwaya unalitupa?"

"Hapana. Unalirekebisha."

"Na haya hurekebishwa. Tunayajaza kwa ndani, kama kuweka bitana. Umepunguza suruali, kumbe kilichotaka fundi ni meno."

Akamwambia akae wiki tatu bila meno, kidonda kipone. Asafishe ufizi kwa kitambaa laini asubuhi na jioni. Ale mara tano kwa siku, kidogokidogo: mayai, samaki aliyechambuliwa miiba, maharage yaliyopondwa na kuchujwa, uji wa maziwa.

"Chai?"

"Chai ni maji yenye rangi. Misuli inaisha, mzee. Ukianguka, hutainuka."

Aliyasikia hayo kama habari za jirani.

Nyumbani alikubali yote isipokuwa moja: hakutaka kuonekana akila na mdomo uliobonyea. Alingoja duka lifungwe, akala mara moja tu.

"Tunafungua saa mbili, tunafunga saa kumi na mbili," binti alisema. "Hizo mara tano utazipata wapi?"

"Wateja wataniona."

"Wanafuata suruali, hawafuati meno yako."

Siku ya nne alisimama kuchukua pasi, miguu ikaishiwa nguvu. Alishika cherehani, akabaki ananing'inia hapo. Hakuogopa. Hilo ndilo aliloliona la ajabu, kwamba hakusikia kitu chochote moyoni. Binti alimkalisha, akaleta bakuli la maharage yaliyopondwa na yai, akaliweka kando ya sindano, mbele ya dirisha lililo wazi.

Mzee akalitazama. Akachota.

Mwalimu mmoja akaingia na koti mkononi. "Shikamoo, mzee."

Mkono wa mzee ulianza kupanda kuufunika mdomo, ukaishia njiani.

"Marahaba. Kaa hapo kwanza. Nakula."

Mwalimu akakaa. Mzee akachota tena, akaponda kwa ufizi, akameza. Ladha haikuwapo. Akachota kijiko cha tatu.