Torgunn Apanda Ngomeni

Torgunn Brekke alikuwa afisa wa forodha mpakani, pale Wanorwe wanaporudi kutoka Sweden wamejaza magari nyama na pombe ya bei nafuu. Kazi hiyo aliianza angali msichana, akaifanya hadi akastaafu, na ilimfundisha kwamba mtu anayekutakia siku njema kabla hujamsalimia ndiye wa kufunguliwa buti la gari. Alikuwa amekuta chupa ndani ya gurudumu la akiba, chini ya kiti cha mtoto mchanga, na safari moja ndani ya tumbo la bata mzinga. Kustaafu hakukumtoa tabia hiyo. Pale Halden, mji wake wa mpakani, muuza samaki akimwona anaingia dukani alipima taratibu, mikono yote miwili ikionekana.

Kwa hiyo mumewe, Oddvar, alipoanza kutoka kila baada ya chakula cha mchana, Torgunn hakuacha kuona. Oddvar naye alikuwa ameshastaafu kwenye kiwanda cha karatasi, akasema anapanda ngomeni, ile ngome ya kale juu ya mji, kunyoosha miguu. Hilo halikuwa na neno. Nusu ya wazee wa Halden hutembea huko juu. Lakini alibeba chupa kubwa ya kahawa, ile ya safari, na jioni moja Torgunn akiosha vyombo alikuta vikombe viwili vimetumika. Kimoja kilikuwa na sukari imeganda chini. Oddvar alikatazwa sukari na daktari zamani.

Alimweleza jirani yake, Borghild, wakiwa bustanini.

“Nywele anachana kabla ya kutoka?” Borghild akauliza.

“Anachana.”

“Basi.”

“Basi nini?”

“Mimi sijasema kitu, mwenzangu. Ila wangu naye alianza na kitana.”

Kesho yake Torgunn aliliacha koti lake jekundu, akavaa la kijivu alilokuwa akilimia bustani. Alimpa Oddvar nafasi ya kufika mbali, kisha akapanda kwa njia ya nyuma, ile yenye mawe yanayoteleza. Karibu na mnara wa ukumbusho wa yule mfalme wa Sweden aliyepigwa risasi akiizingira ngome, watu wawili walikuwa wanabishana, kama wabishanavyo watu wa Halden miaka nenda rudi, kama risasi ilitoka ngomeni au kwa askari wake mwenyewe. Torgunn hakuwahi kuwa na shaka: ni wake mwenyewe. Aliwapita kimya.

Alijibanza nyuma ya mzinga mmoja wa kale. Oddvar alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya ukuta, mji umelala miguuni pake, na mto, na moshi wa kiwanda. Alikuwa amepanga vikombe viwili. Akatazama saa. Akachana nywele zake zilizopeperushwa na upepo.

Aliyetokea langoni hakuwa mwanamke. Alikuwa Steinar, mdogo wake Oddvar.

Steinar alikuwa dereva wa lori. Miaka mingi nyuma, wiki ya harusi ya binti yake, alifika mpakani zamu ya Torgunn, akateremsha kioo, akasema, “Siku njema, shemeji.” Torgunn akafungua nyuma. Chini ya maturubai kulikuwa na makreti ya pombe ya harusi. Steinar alimsihi. Torgunn akamripoti kama angemripoti mtu mwingine yeyote, na Steinar akapoteza kazi. Harusi ikafanyika bila Torgunn na Oddvar. Oddvar hakusema kitu siku ile wala baadaye, na Torgunn akauchukua ukimya huo kuwa ni kukubali.

Sasa alitoka nyuma ya mzinga.

“Tangu lini?” akauliza.

Oddvar aliinuka nusu, akaketi tena. “Siku zote hizi. Zamani tulikuwa tunakutana kwenye geti la kiwanda, saa ya chakula.”

“Ukanificha miaka yote hiyo.”

“Hukuniuliza, Torgunn. Wewe huulizi. Wewe unapekua.”

Steinar alikuwa akikoroga sukari, hakuinua macho. “Umekuja kukagua mkoba wangu, shemeji?”

“Una nini?”

“Mkate na jibini ya kahawia.”

“Fungua.”

Steinar akaweka kijiko chini, akafungua. Ulikuwa mkate na jibini ya kahawia. Torgunn alijikuta ameshatia mkono kuangalia chini ya mkate. Akaona haya, akautoa. Oddvar aligeuza uso kuelekea mjini, mabega yakimtikisika, na mkewe hakujua kama anacheka au vipi.

“Kazi ile ningeifanya vilevile hata leo,” Torgunn akasema.

“Najua,” akasema Steinar. “Ndiyo maana siji kwako.” Akasogea kidogo kwenye benchi. “Lakini hapa si kwako.”

Torgunn akaketi. Walimega mkate, wakatazama meli ikiingia bandarini, na kila mmoja akasema inaonekana nzito.

Steinar hajakanyaga nyumbani kwao hadi leo. Torgunn hupanda Alhamisi, siku nyingine huwaachia ndugu wenyewe. Borghild alipomuuliza ni mwanamke gani, alijibu si mwanamke, ni shemeji yake Steinar, na Borghild akatikisa kichwa kwa huruma, kwa kuwa hakuamini hata neno moja.